Mti wa Mshazari

Mimi ni mtu wa haraka. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo sijajifunza kungoja. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asimlaumu fundi, wala jirani yangu Afande, wala mvua. Siku ile ukuta wa nyumba yetu ulipoinama, mtu aliyesema "kata" nilikuwa mimi.

Nyumba aliijenga baba. Tuliporudi Rwanda kutoka Karagwe, kule Tanzania nilikozaliwa, alipata kiwanja hapa Gisenyi, karibu na barabara iendayo Rubona, akaijenga kwa mikono yake kwa kuwa alikuwa seremala na hakuamini useremala wa mtu mwingine yeyote. Msingi ni wa mawe meusi ya volkano. Juu ya msingi alisimamisha nguzo za mkaratusi, akapigilia fito, akajaza udongo, kisha akapaka saruji ndani na nje kwa ustadi mkubwa hivi kwamba wapita njia hudhani ni nyumba ya matofali. Baba hakuwahi kumsahihisha hata mmoja.

Mama alipofariki, mimi na mume wangu tulihamia kwake. Mume wangu ni dereva wa basi dogo la abiria, na wenzake kituoni walimcheka mwezi mzima kwamba ameolewa, amepelekwa ukweni na sanduku lake. Yeye alicheka nao, maana ana moyo mpana kuliko wangu. Aliyeona aibu ni baba. Kwetu baba mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali kidogo, na asubuhi ya kwanza tu walipokutana koridoni, mmoja na taulo kiunoni na mwingine na mswaki mdomoni, baba alikata shauri. Alikusanya nguo zake akahamia chumba cha mwisho wa nyumba, kilichokuwa karakana yake. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani, lakini hakikuwa na mlango wa kuingia ndani kwetu.

"Nyumba ni yenu sasa," alisema. "Mimi ni jirani."

Jirani huyo alikuwa akija kula kwetu mara tatu kwa siku, amechana nywele. Alitoka mlangoni kwake, akazunguka kona ya nyumba juu ya mawe, akapanda ngazi tatu za baraza na kuingia sebuleni akitusalimu kama mgeni. Kisha kiharusi kikampata. Alirudi kutoka hospitali upande wa kushoto umelegea, fimbo mkono wa kulia, na ulimi wake, namshukuru Mungu, mzima kabisa. Kwa wiki kadhaa alijikokota kuja mezani. Siku moja ya mvua aliteleza pale kwenye kona, akaanguka mbele ya akina mama wa kwaya waliokuwa wakitoka mazoezini. Hakuumia. Lakini akina mama walimwinua wote kwa pamoja, wakampangusa tope, wakamwombea pale pale, sauti ya kwanza na sauti ya pili. Tangu siku hiyo hakuja tena kula nasi.

"Mniletee huku," alisema. "Nina chumba, nina meza."

Tukampelekea. Asubuhi, mchana na jioni, miezi minane. Mume wangu alijitolea kumbeba mgongoni, akatazamwa kwa jicho ambalo lilimfanya akumbuke kwamba ana gari la kuosha. Nilipendekeza twende sote kula chumbani kwake, lakini mle ndani palikuwa na kitanda, meza, na mbao za tangu enzi za karakana ambazo hakukubali ziguswe. Kwa hiyo sisi tulikula sebuleni, na baba alikula upande wa pili wa ukuta, karibu sana hivi kwamba nilisikia kijiko chake kikigonga sahani. Kitu hicho kilinitesa. Nilitaka baba ale na sisi, hilo tu, na kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa udongo usiozidi unene wa kiganja na nusu. Nikaamua kutoboa mlango.

Nilipomweleza, alizima redio kwanza. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Ukuta ule una mti wa mshazari ndani," alisema. "Unaanzia chini pembeni, upande wa mlima, unapanda kwa kulala mpaka juu pembeni, upande wa ziwa. Nimeupigilia kwenye kila nguzo unayopita. Unajua kazi yake?"

"Kuzuia mlango."

"Kuzuia nyumba isilale, mwanangu. Nguzo zinasimama tu, zinabeba bati. Ukizisukuma kwa ubavu hazina ubishi, zinakwenda. Mti ule ndio wenye ubishi. Volkano ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku zile zote, kuta za majirani zilipasuka. Yetu je?"

"Plasta ilidondoka kwenye sufuria ya maharage."

"Plasta tu. Sasa wewe unataka kuukata."

"Tutamtafuta fundi anayejua kuuhamisha."

"Fundi anayejua ni mimi."

"Wewe una mkono mmoja," nikasema.

Nilitamani kuumeza ulimi wangu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na badala ya kuomba radhi kama mtu mwenye akili nilitoka uani nikampigia fundi simu. Ndivyo nilivyo.

Fundi alikuwa mtu wa Goma, anayevuka mpaka kuja kufanya kazi upande wetu na kurudi kwake jioni. Nilimchagua kwa sababu kule kwao nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na ardhi huwatikisa mara kwa mara. Alifika na mfuko wake wa zana, na kabla hata hajautazama ukuta alikwenda kumsalimu baba chumbani. Hilo lilinipa moyo.

"Papa, ni wewe ulijenga hii nyumba?"

"Ndiyo."

"Ulijenga muzuri."

Baba alijifanya hakusikia, lakini alikaa wima zaidi kitandani. Fundi akaanza kuugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, sikio karibu na plasta, na baba akawa anamwelekeza kwa fimbo: nguzo hapa, nguzo pale, mti wenyewe unapita hapa kwenye usawa wa kifua. Zaidi ya mara moja fundi aligonga mahali akakuta nguzo pale pale baba aliposema. Walipofika pembeni, fundi alisimama akauangalia ukuta wa mwisho, ule wa upande wa pili wa chumba wenye mlango wa kutokea uani.

"Na ile ukuta ya mwisho, Papa? Iko muti wa kulala ndani yake?"

Baba alikohoa. "Ule ulikuwa na mlango mpana wa karakana. Sikuweka."

"Ah bon. Donc muti moja inashika kuta mbili."

"Wakati ule nilikuwa na miti michache," baba akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akijitetea mbele ya seremala mwenzake. Nilifurahi kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Mpango wao ulikuwa rahisi, hata mimi niliuelewa. Mlango mpya ungekuwa katikati ya ukuta. Kila upande wa mlango pangebaki kipande cha ukuta, na katika kila kipande fundi angeweka mti mfupi wa mshazari, umesimama zaidi kuliko ule wa zamani, mmoja ukiegemea upande wa ziwa na mwingine upande wa mlima, ili nyumba ikisukumwa huku au kule ikutane na ubishi. Nguzo za pembeni mwa mlango zingekuwa mbili mbili, na juu yake boriti nene. Ukuta wa mwisho nao ungepata mti wake, kufidia deni la zamani. Ila jambo moja baba alilirudia mara tatu, na mara ya tatu alinitazama mimi.

"Kwanza mipya iwekwe. Yote. Ndipo wa zamani ukatwe. Sio kabla."

"Ni vile, Papa," fundi akasema. "Kwanza ya mupya."

Tulikubaliana aje Jumamosi. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, wakati kila mtaa unatoka kufanya kazi ya pamoja na barabara zinatulia mpaka karibu na saa tano. Fundi akanipigia asubuhi kuniambia kwamba atavuka mpaka pale Grande Barrière baada ya umuganda kwisha. "Muningojee, Mama," alisema. "Mutoe tu udongo, muti musiguse." Nikasema sawa.

Mtaa wetu siku hiyo ulipewa kuzibua mfereji, na mfereji ulizibuka upesi kuliko ilivyotarajiwa. Tukajikuta watu kama kumi na watano tumesimama na majembe na mapanga, damu imechemka, na mkutano wa baada ya kazi umekwisha kwa maneno machache. Hapo ndipo Afande alipouliza nyumbani kwangu kuna nini leo. Afande ni mwanajeshi mstaafu, aliyerudi kutoka Uganda, na anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Hajui kustaafu. Nikamwambia tunatoboa mlango kwa ajili ya baba. Akawageukia wengine kama vile anagawa vikosi.

"Tukamsaidie mzee! Sisi wote! No problem!"

Walikuja wote, tope miguuni, na niliona raha isiyo kifani. Kwetu ukimsaidia mtu baada ya umuganda, kazi haionekani kuwa kazi. Waliingia sebuleni wakiimba, mume wangu akahamisha meza na viti barazani, mimi nikabandika sufuria kubwa ya chai jikoni. Baba alikuwa amejifungia chumbani kwake, redio juu, kuonyesha kwamba jambo hili halimhusu.

Udongo ulitoka kama nusu saa. Walibomoa plasta, wakatoa udongo mikono mizima mizima, wakang'oa fito, na nguzo za baba zikaonekana moja baada ya nyingine, nyekundu na kavu, hazijaliwa na mdudu hata mmoja. Na katikati yake, umelala kutoka pembe hadi pembe, ulikuwa mti wenyewe. Ulikatiza mahali pa mlango kama mkono wa askari aliyefunga njia.

Watu wakasimama wakautazama. Ilikuwa bado saa nne na nusu. Chai ilikuwa haijachemka. Nguvu za watu kumi na watano zilikuwa bado zimebaki na hazikuwa na pa kwenda. Afande akaushika ule mti akautikisa.

"Huyu ndiye anazuia," alisema. "Mama, tumwondoe?"

Hapa ningeweza kujitetea. Ningeweza kusema kulikuwa na kelele, kwamba niliona nguzo zote zile zimesimama imara nikafikiri baba ametia chumvi, kwamba niliogopa watu wakitawanyika sitawapata tena. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba niliuona mlango kwa macho yangu, nikamwona baba akipita, na sikuweza kungoja. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilisikia sauti yake ikisema kitu, ikishindana na redio. Nikadhani analalamikia vumbi.

"Kata," nikasema.

Msumeno wa Afande ulipita kwenye ule mti kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Ulipokatika ulitoa mlio mmoja mkavu, kisha vipande viwili vikapishana, kimoja kikateleza pembeni mwa kingine, na nyumba nzima ikasema kraaa kutoka sebuleni mpaka mwisho. Vumbi likatumwagikia kutoka darini. Nguzo ziliinama zote kwa pamoja kuelekea mlimani, kiasi cha upana wa vidole viwili hivi, zikasimama. Mimi nilisimama nazo. Wengine wote walikuwa nje, na wa kwanza kabisa alikuwa Afande, ambaye baadaye alieleza kwamba alikuwa amekwenda kulinda uani.

Redio ilizimwa.

"Nani amekata?" baba akauliza kutoka upande wa pili.

Nilitazama msumeno uliotupwa sakafuni.

"Mlango wangu umekwama," akasema. Hakupiga kelele. "Haufunguki."

Nilimtobolea baba mlango ili atoke, na badala yake nimemfungia ndani ya chumba, chini ya bati linaloegemea nguzo zilizolewa. Nilikimbia uani. Kuta zile mbili, wa sebuleni na wa mwisho, zimeshikwa pamoja na boriti za juu, na mmoja ulipokwenda wa pili uliufuata, ukaubana mlango wa baba ndani ya fremu yake. Mume wangu alikuwa ameshika kitasa akivuta. Afande alikuwa amerudi nyuma hatua tano, bega mbele, tayari kuuvunja.

"Atakayeupiga huo mlango kwa bega," baba akasema kutoka ndani, "bati litamwangukia yeye na mimi pia. Aondoke hapo."

Afande akasimama kama aliyeamriwa gwaride.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko hapa, baba." Na kwa kuwa ningelia kama nisingesema, nikasema, "Ni mimi niliyewaambia wakate."

"Najua. Sauti yako inasikika mpaka Goma. Sasa nisikilize. Mlango umebana juu, upande wa ziwa. Juu upande wa mlima kuna nafasi, naweza kuingiza vidole. Maana yake nini?"

Nilifikiri. "Ukuta umekwenda mlimani."

"Basi urudisheni ziwani. Polepole. Mkweo yuko?"

Sikumsahihisha kwamba mkwe ni wake. Mume wangu akajibu mwenyewe, kwa heshima zote, akiuegemea mlango. Baba akamuuliza kama jeki ya gari iko. Ilikuwepo. Akamwambia achukue nguzo imara, kichwa chake akiegemeze juu kwenye nguzo ya pembeni, chini kidogo ya boriti, upande wa ziwa, mguu wake uje chini sebuleni kwa kulala, na kati ya mguu huo na jiwe la msingi aweke jeki. Kwa ufupi, tuweke mti wa mshazari wa muda badala ya ule niliouua, na huu uwe unasukuma. Mume wangu alikwenda mbio. Wakati huo huo fundi akaingia langoni, mfuko begani, kijasho usoni kutokana na foleni ya mpakani.

Alisimama sebuleni akautazama ukuta. Akanitazama mimi.

"Mama. Mi nilisema muningojee."

"Nilingoja," nikasema, "lakini si vya kutosha."

"Yesu na Maria." Akauweka mfuko chini. "Papa! Uko muzima?"

"Mzima," baba akajibu. "Hawa watu wamenifunga jela. Tazama jeki kama imekaa vizuri."

Na kuanzia hapo mimi sikuwa na kazi tena ila kusikiliza. Fundi akajilaza sakafuni akaweka jeki sawa. Baba, ndani, alisimama mlangoni kwake akitazama upenyo wa fremu, na kwa kuwa udongo ulikuwa umetolewa sauti yake ilipita katikati ya nguzo bila kizuizi.

"Zungusha," akasema. "Simama. Acha mbao ipumue. Zungusha tena, nusu."

"Inaenda, Papa?"

"Inaenda. Nusu nyingine. Simama! Usiwe kama binti yangu."

Watu uani wakacheka, nami nikacheka, machozi yakinitoka. Nyumba ililia kidogo kidogo. Mara ya sita au ya saba tukasikia mlango wa uani ukitoa mlio mdogo, ukafunguka wenyewe kwa kiasi cha unyayo. Afande alipiga makofi kwanza, kisha mtaa mzima.

"Toka, baba," nikamwambia. "Toka haraka."

"Nitoke niende wapi? Miti haijawekwa."

Hakutoka. Mchana wote ule walifanya kazi wawili, fundi upande wetu na baba upande wake, na mti wa kwanza wa mshazari ulipoingizwa mahali pake hapakuwa na mtu wa kuushika ng'ambo ya pili isipokuwa yeye. Mume wangu alitaka kuzunguka aende kusaidia. Baba alikataa. Nilichungulia katikati ya nguzo nikamwona amegeuka ubavu, ameegemea ule mti kwa upande wake wa kushoto, ule uliolegea, uzito wote wa mwili wake umeukandamiza, mkono wa kulia umeshika nguzo.

"Bega hili halina nguvu," alimwambia fundi, "lakini uzito linao. Pigilia."

Fundi akapigilia. Msumari baada ya msumari, baba akitikisika na kila pigo, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya hospitali. Nilikwenda jikoni kuwatilia watu chai, na huko jikoni nililia sawasawa, maana nilikumbuka nilichomwambia kuhusu mkono mmoja. Niliporudi nilimwomba radhi kupitia kwenye nguzo. Akaniuliza kama chai yake ina sukari.

Walibishana pia, na hilo lilimpendeza zaidi. Baba alitaka miti yote miwili ielekee upande mmoja, kama ule wake wa zamani. Fundi akakataa. "Muti inasukuma muzuri, lakini kuvuta haivute sana, ni misumari tu inavuta. Ardhi ikitikisa upande ingine, Papa, utafanya nini?" Baba aligonga fimbo sakafuni mara mbili tatu. Kisha akasema, "Kule Goma mnafundishwa nini?" na fundi akajua ameshinda. Jioni ilipofika boriti ya juu ya mlango ilikuwa mahali pake, ukuta wa mwisho ulikuwa umepata mti wake, na jeki ilipotolewa nyumba haikusema chochote.

Wiki nzima iliyofuata fundi alijaza udongo, akapaka saruji, akatengeneza mlango wenyewe kwa zile mbao za karakana ambazo hakuna aliyekuwa akiruhusiwa kuzigusa. Baba alizichagua moja moja. Jumamosi alasiri, kazi ilipobaki kufagiwa tu, alimwita fundi kando, wakanong'ona. Fundi akachukua komeo mfukoni mwake akaanza kulifunga kwenye mlango mpya. Upande wa baba.

Niliona wazi na liliniuma. Nikamvuta mume wangu jikoni nikamwambia, miezi minane, ukuta, aibu mbele ya mtaa mzima, na sasa anajifungia tena? Yeye akaendelea kumenya viazi. Akasema tu kwamba mtu anayeishi na mkwe wake lazima awe na mahali pa kujifungia, na kwamba yeye angekuwa baba angeomba makomeo mawili.

Jumapili, baada ya kanisa, niliandaa meza. Maharage, viazi, mchicha, na samaki wadogo wa ziwani. Niliweka sahani tatu. Mlango mpya ulikuwa umefungwa, na komeo, nilijua, lilikuwa limesukumwa. Nikafungua mdomo ili nimwite, na mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Basi nikangoja. Nilikaa, mikono mapajani, nikautazama mlango, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubomoa ukuta. Nilimsikia akivuta kiti. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Halafu kimya, kirefu, mpaka nikadhani amelala.

Komeo likavutwa.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amechana nywele. Alisimama kizingitini, akaigusa nguzo ya pembeni kwa kiganja, kisha akaja. Hatua saba, nilizihesabu, fimbo, mguu, na ule mwingine ukifuata. Hakuna aliyemshika. Alikaa, akamsalimu mkwe wake, akasali kwa ufupi, nami nikampakulia. Akachota kijiko cha kwanza cha maharage akakipeleka mdomoni, na mara akasita, jicho limemtoka, mdomo wazi akipuliza.

"Kumbe," alisema alipoweza kusema, "huku mnakula chakula cha moto."

Miezi minane nilizunguka na sahani yake kwenye kona ile, katika upepo na mvua, na hakuwahi kuniambia. Yeye alikuwa ameshainama tena juu ya sahani, anapuliza kijiko cha pili, na akanisogezea bakuli la maharage nimwongezee.